Mji Mkuu wa Utamaduni wa Kiarabu: Heshima ya Mwaka au Faida ya Kudumu?

MRATIBU: Mji Mkuu wa Utamaduni wa Kiarabu ni hadhi ambayo nchi za Kiarabu huupa mji mmoja kila mwaka kupitia ALECSO, shirika lao la elimu, utamaduni na sayansi lenye makao yake Tunis. Cairo ilikuwa ya kwanza, mwaka 1996. Zikafuata Tunis, Sharjah na Beirut. Mfano ulitoka Ulaya, ambako Melina Mercouri, waziri wa utamaduni wa Ugiriki, aliasisi mpango wa namna hiyo uliozinduliwa Athens mwaka 1985. Zamu ya Constantine, mji wa mashariki mwa Algeria uliojengwa juu ya jabali lililokatwa na korongo la mto Rhumel, ilifunguliwa tarehe 16 Aprili 2015 na kuendelea hadi Aprili 2016. Katika muda huo mji ulipata muziki, tamthilia, maonyesho, vitabu na makongamano ambayo kwa kawaida huishia Algiers. Hoja ya kwanza ya kuutetea mpango huu ni ya haki. Serikali nyingi hulundika kumbi, makumbusho na fedha za sanaa katika makao makuu yake, na miji mingine hubaki kutazama. Baada ya Constantine hadhi hii ilikwenda Sfax 2016, Luxor 2017, Oujda 2018 na Port Sudan 2019. Hakuna hata mmoja kati ya miji hiyo ulio mji mkuu wa nchi yake.

MKAGUZI: Haki hiyo ina gharama, na gharama hiyo inalipwa na hazina ya umma. Wakati huo Algeria ilikuwa ikipata zaidi ya tisa ya kumi ya mapato yake ya mauzo ya nje kutokana na mafuta na gesi. Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta liliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Kufikia Januari 2015, miezi mitatu kabla ya sherehe kufunguliwa, bei ilikuwa chini ya dola 50. Maandalizi yaliyopangwa wakati wa neema yakatekelezwa wakati wa ukata. Swali la mkaguzi ni la kawaida kabisa: fedha zilikwenda wapi, nani alipewa kandarasi, na mwananchi wa Constantine alibaki na nini baada ya wageni kuondoka? Mwaka wa utamaduni una tarehe ya kuanza isiyosogezwa. Mradi wa namna hiyo humlazimisha mwenye fedha kulipa haraka, na malipo ya haraka hayasubiri ukaguzi.

MRATIBU: Utamaduni umeambiwa usubiri tangu zamani. Bei ya mafuta ikipanda, zinatangulia barabara. Ikishuka, yanatangulia madeni. Kama kigezo ni kusubiri hali iwe shwari, Beirut isingekubali zamu yake mwaka 1999, miaka tisa tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1975 hadi 1990. Tripoli ya Lebanon isingethubutu mwaka 2024, wakati nchi imo katika mporomoko wa fedha ulioanza 2019. Tarehe isiyosogezwa, ambayo Mkaguzi anaiona kuwa hatari, ndiyo inayomaliza miradi iliyolala makabatini. Bahrain ilipata ukumbi wake wa taifa wa tamthilia, wenye viti 1,001, Novemba 2012, mwaka ambao Manama ilikuwa na hadhi hii. Doha ilipokuwa na zamu yake, mwaka 2010, kijiji cha utamaduni cha Katara kilifunguliwa, na siku za mwisho za Desemba likafunguliwa jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa ya Kiarabu, Mathaf. Constantine nayo ilipata ukumbi wa Ahmed Bey wenye viti 3,000. Mji wa ukubwa ule haukuwa na ukumbi wa namna hiyo.

MKAGUZI: Mfano wa ukumbi huo unafaa kuchunguzwa, kwa sababu unaonyesha jinsi tarehe inavyochagua kazi ya kufanya. Ulijengwa Zouaghi, kwenye uwanda wa juu karibu na uwanja wa ndege, nje ya mji wa kale. Ardhi tupu haina wapangaji, haina warithi, haina mashtaka mahakamani. Nyumba ya mji wa kale ni habari nyingine. Huenda ina warithi wengi waliotawanyika, ukuta mmoja unaoshikilia nyumba tatu, na paa linalohitaji mafundi wa chokaa, mbao na vigae ambao siku hizi ni adimu. Mkandarasi mwenye miezi kumi na minane mkononi atachagua zege kwenye ardhi tupu. Mji wa kale wa Constantine ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 2005, yaani miaka kumi kabla ya sherehe. Hata hivyo sherehe zilipofungwa, kazi nyingi za ukarabati katika vichochoro vyake zilikuwa hazijakamilika. Kilichong'aa kwa wakati ni kile kilichokuwa rahisi kung'arishwa. Urithi uliotajwa katika kila hotuba ulibaki umefungwa majukwaa ya mafundi.

MRATIBU: Kuchelewa kwa ukarabati hakukuletwa na sherehe. Nyumba hizo zilikuwa zikibomoka kabla ya 2015, na zingeendelea kubomoka kimya kimya bila mtu kuuliza. Mwaka wa utamaduni uliwafanya wakazi, waandishi wa habari na wabunge waulize habari za mji wa kale kwa sauti. Pia si kila kitu kilijengwa mbali. Jumba la Ahmed Bey, lililojengwa kati ya 1825 na 1835 na mtawala aliyeupigania mji dhidi ya Wafaransa mwaka 1836 na 1837, limo ndani ya mji wenyewe, na mgeni wa mwaka ule aliweza kutoka kwenye onyesho akaenda kuliona kwa miguu.

MWANAHISTORIA: Mjadala wa fedha na majengo ni muhimu, lakini unaliruka jina lenyewe. Mwaka huo uliitwa wa utamaduni wa Kiarabu. Mji wenyewe ulikuwapo karne nyingi kabla ya Kiarabu kufika Afrika Kaskazini. Uliitwa Cirta, ukawa makao ya wafalme wa Numidia, akiwamo Massinissa. Katika eneo la El Hofra yamechimbuliwa mamia ya mawe ya nadhiri yenye maandishi ya Kipuniki. Katika karne ya nne ukapewa jina la mfalme wa Roma, Constantine, na jina hilo ndilo linalotamkwa hadi leo, kwa Kiarabu Qusantina. Baada ya hapo ukapita mikononi mwa watawala Waislamu wa nasaba mbalimbali, Waturuki wa Dola ya Uthmania, kisha Wafaransa kuanzia 1837 hadi uhuru wa 1962. Waamazigh, wenyeji wa nchi hiyo, wamekuwapo katika zama zote hizo. Mwaka wa sherehe unaobeba jina la tabaka moja tu la historia hiyo unalazimika kueleza uhusiano wake na matabaka mengine.

MRATIBU: Jina la Kiarabu katika mpango huu halihukumu damu ya mtu. Linataja lugha na jumuiya ya nchi. Komoro ni mwanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu tangu 1993, na watu wake huzungumza Kikomoro, lugha ya Kibantu iliyo ndugu wa Kiswahili. Hakuna anayewadai waache lugha yao. Huko Constantine kwenyewe yupo Abdelhamid Ben Badis, aliyezaliwa 1889, mwanachuoni aliyeongoza Jumuiya ya Maulamaa iliyoundwa mwaka 1931. Alijiita Sanhaji, kwa nasaba ya kabila kubwa la Kiamazigh, na wakati huohuo alikuwa mtetezi mkubwa wa Kiarabu nchini mwake. Alikitetea kwa sababu ukoloni ulikitupa nje ya shule na ofisi na kukifanya kigeni katika nchi yake. Sherehe zilifunguliwa tarehe 16 Aprili kwa kuwa ndiyo siku aliyofariki, mwaka 1940, na Algeria huiadhimisha kuwa Siku ya Elimu. Kwa watu walionyimwa lugha kwa miaka zaidi ya mia moja, mwaka wa kuisherehekea ni kurudishiwa haki.

MWANAHISTORIA: Hoja hiyo ina uzito, na anayejua historia ya ukoloni hawezi kuipuuza. Lakini historia haikuishia 1962. Baada ya uhuru, lugha iliyodhulumiwa ikawa lugha ya dola, na Kitamazight, lugha ya Waamazigh, kikawekwa pembeni. Mwaka 1980 wenye mamlaka walimzuia mwandishi Mouloud Mammeri kutoa mhadhara juu ya ushairi wa kale wa Wakabyle, kundi la Waamazigh, huko Tizi Ouzou, na hapo ukazuka mwamko ambao Waamazigh huuita Majira ya Machipuko. Ilibidi kungoja hadi 2002 Kitamazight kitambuliwe kuwa lugha ya taifa, na hadi Februari 2016 kiwe lugha rasmi kwa mujibu wa katiba. Tarehe hiyo ya mwisho iangaliwe vizuri. Katiba ilibadilishwa wakati mwaka wa utamaduni wa Kiarabu ukiendelea Constantine. Sheria kuu ya nchi ilitangaza lugha rasmi mbili, huku bango kubwa la utamaduni nchini likitaja moja. Suala linalofuata ni la waandishi. Kateb Yacine alizaliwa Constantine mwaka 1929. Riwaya yake ya Nedjma, iliyotoka 1956, aliiandika kwa Kifaransa, na baadaye akaandika tamthilia kwa Kiarabu cha mitaani cha Algeria. Sherehe ya Kiarabu imuweke wapi mtu huyo?

MRATIBU: Imuweke katikati, pamoja na wenzake wa mji huo. Malek Haddad, mzaliwa wa Constantine pia, aliandika kwa Kifaransa, akaona uchungu wa kuandika kwa lugha isiyo ya mama yake, na hatimaye akaacha kuitumia katika riwaya. Ahlam Mosteghanemi, ambaye familia yake inatoka Constantine, alimtabaruku Haddad riwaya yake ya kwanza, Dhakirat al-Jasad, iliyotoka 1993 kwa Kiarabu. Mhusika wake mkuu ni mchoraji anayeyachora madaraja ya mji huo bila kuchoka. Riwaya ilipata Medali ya Naguib Mahfouz mwaka 1998 na kusomwa kutoka Moroko hadi Ghuba. Kwa hiyo mji mmoja umetoa mwandishi wa Kifaransa, mwandishi aliyekiacha Kifaransa, na mwandishi aliyepokea jukumu kwa Kiarabu. Mwaka wa utamaduni wenye akili hauhitaji kumficha yeyote kati yao.

MSANII: Muziki unatoa jibu la wazi zaidi kuliko vitabu. Algeria ina shule tatu za muziki wa Andalusia: san'a ya Algiers, gharnati ya Tlemcen na malouf ya Constantine. Zote zinajinasibisha na Waislamu na Wayahudi waliofukuzwa Hispania. Msikilizaji wa taarab asilia ya Unguja angeitambua familia ya ala zake: udi, ganuni, fidla, nai, pamoja na mashairi ya mapenzi na ya kumsifu Mungu. Katika karne ya ishirini mmoja wa mabingwa wa malouf alikuwa Raymond Leyris, Myahudi wa Constantine, aliyeheshimiwa na Waislamu hata akaitwa Shekhe Raymond. Aliuawa kwa risasi sokoni mwezi Juni 1961, na Wayahudi wengi wa mji wakaondoka kufikia uhuru. Bingwa wa upande wa Waislamu, Mohamed Tahar Fergani, aliimba nuba, yaani mifululizo ya nyimbo, zilezile alizoimba Raymond. Mwanamuziki wa malouf hana haja ya kuulizwa kama nuba ni ya Kiarabu, ya Kiyahudi au ya Andalusia. Anachouliza ni nani atamfundisha kijana wa miaka kumi na mitano nuba nzima kabla wazee hawajaondoka. Malouf hurithishwa kwa sikio: shekhe huimba, mwanafunzi hufuata, na kazi hiyo huchukua miaka.

MRATIBU: Hapo mwaka wa utamaduni unasaidia moja kwa moja. Unaleta jukwaa, rekodi, hadhira mpya na malipo. Vikundi vya tarika ya Isawa, na vikundi vya wanawake viitwavyo fqirat ambavyo huimba kasida kwenye harusi na hafla za nyumbani, huonekana mbele ya watu ambao wasingeingia kamwe katika ua wa nyumba za Constantine. Wiki za utamaduni za nchi za Kiarabu na za mikoa ya Algeria huwakutanisha wasanii wasiokuwa na njia nyingine ya kukutana.

MSANII: Kukutana kwa wiki moja kuna faida, ila hakuwezi kuzidi kile ambacho serikali zinakizuia mwaka mzima. Oujda, iliyokuwa na zamu mwaka 2018, iko karibu sana na mpaka wa Algeria. Gharnati inaimbwa Oujda kama inavyoimbwa Tlemcen. Ni muziki mmoja wa pande mbili za mpaka. Mpaka huo wa nchi kavu umefungwa tangu 1994. Mwanamuziki wa Tlemcen anayetaka kumfikia mwenzake wa Oujda kwa njia halali hupanda ndege na kuzunguka, ilhali njia ya gari ni fupi. Serikali zilizokaa meza moja kutangaza miji ya utamaduni wa pamoja ndizo hizohizo zinazoweka minyororo barabarani. Umoja wa utamaduni ukiwa wa kweli, msanii avuke.

MRATIBU: Lawama hiyo ielekezwe panapostahili. Tamasha halikuufunga mpaka. Bila orodha hii ya miji, kusingekuwa na hata ile hafla moja ambapo Moroko na Algeria zinatajwa pamoja kwa sababu ya muziki.

MKAGUZI: Hoja ya mpaka inafungua mlango wa siasa, na huko hesabu ni ngumu kuliko za majengo. Hadhi hii hutolewa na mawaziri wa utamaduni wakikubaliana wao kwa wao, na anayeipokea ni serikali. Damascus ilikuwa na zamu yake mwaka 2008. Fairuz, sauti inayopendwa kuliko zote nchini Lebanon, alikwenda kuonyesha huko mchezo wa Sah el-Nom baada ya zaidi ya miaka ishirini bila kuimba katika mji ule. Lebanon iligawanyika. Wapo waliosema anaipa heshima serikali ambayo wao waliituhumu kwa mauaji ya kisiasa katika nchi yao, kwa kuwa Rafiq Hariri, waziri mkuu wa zamani wa Lebanon, alikuwa ameuawa Februari 2005 na jeraha lilikuwa bichi. Miaka mitatu baada ya mwaka ule wa sherehe, Machi 2011, serikali ileile ilianza kuwafyatulia risasi waandamanaji. Mwaka wa utamaduni unaweza kuwa pazia zuri lililotundikwa mbele ya gereza.

MSANII: Waliomtetea Fairuz walikuwa na jibu ambalo halijachakaa. Waliojaa ukumbini walikuwa watu wa Damascus, wengine wakiwa na nyimbo zake tangu utotoni kwa sababu redio ziliwapigia kila asubuhi. Msanii akiwanyima watu wimbo kwa sababu ya watawala wao, anawaadhibu mara ya pili watu ambao tayari hawana sauti. Hakuna serikali iliyowahi kuanguka kwa sababu mwimbaji hakufika.

MKAGUZI: Na hakuna msanii anayeweza kuzuia picha yake kutumika. Mwimbaji huimba kwa ajili ya watu, lakini kesho yake gazeti la serikali huandika kwamba dunia imeikubali serikali. Ushuru huo hulipwa hata kama nia ni safi.

MRATIBU: Mfano wa mwaka uliofuata unapima hoja hiyo kwa kipimo kingine. Mwaka 2009 hadhi ilikwenda al-Quds, yaani Yerusalemu. Tarehe 21 Machi, siku ya ufunguzi, polisi wa Israeli walivunja mikusanyiko na kuzuia hafla mjini humo, na ufunguzi rasmi ukafanyika Bethlehemu. Mwezi Mei mwaka huohuo polisi walifunga Ukumbi wa Taifa wa Tamthilia wa Wapalestina usiku wa ufunguzi wa tamasha la fasihi, na waandishi pamoja na wasikilizaji wakahamia katika kituo cha utamaduni cha Ufaransa. Kama mwaka wa utamaduni ungekuwa pambo tu la wenye nguvu, wenye nguvu hao wasingejisumbua kuuzuia. Kwa Wapalestina wa Yerusalemu, hadhi hiyo ilikuwa njia ya kusema kwamba mji ni wao pia.

MWANAHISTORIA: Mifano hiyo miwili inatofautiana katika jambo moja linaloweza kusaidia mjadala. Damascus 2008 ilikuwa mikononi mwa dola yenye ukumbi, polisi na televisheni. Al-Quds 2009 ilikuwa mikononi mwa watu wasio na mamlaka juu ya barabara ya kwenda ukumbini. Hadhi ni ileile, na inatolewa na mkutano uleule wa mawaziri. Maana yake inabadilika kulingana na anayeishika. Baghdad ya 2013 inaongeza fundisho la tatu. Mji huo una mtaa wa vitabu wa al-Mutanabbi, uliolipuliwa kwa bomu la gari Machi 2007 na kufunguliwa tena mwaka uliofuata. Waarabu wana msemo kwamba Cairo huandika, Beirut huchapa na Baghdad husoma. Mwaka Baghdad ilipokuwa na hadhi hii, Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya raia 7,000 waliouawa nchini Iraq kwa ghasia. Wauza vitabu wa al-Mutanabbi waliendelea kupanga vitabu vyao kila Ijumaa. Walikuwa wakifanya hivyo kabla ya hadhi, na wakaendelea baada yake. Utamaduni wa mji ulikuwa na wenyewe tayari.

MSANII: Fundisho hilo la wauza vitabu ndilo la msingi kwa wasanii wote. Mwaka wa sherehe ufike kwa watu wanaofanya kazi kila Ijumaa, uwakute na uwaache na nguvu zaidi. Kwa desturi huwa kinyume. Kamati huundwa upya, ofisi hufunguliwa, wasanii wakubwa huletwa kwa ndege, na vikundi vya mji hupewa usiku mmoja kabla ya mgeni mashuhuri. Sherehe zikiisha, ofisi hufungwa na waliojifunza kuendesha jukwaa, taa na sauti hutawanyika. Fedha zilezile zingeweza kuendesha tamasha dogo kila mwaka kwa miaka kumi.

MRATIBU: Tamasha dogo la kila mwaka lina udhaifu wake, na Afrika Mashariki inao mfano. Sauti za Busara, tamasha la muziki la Unguja lililoanza 2004, linaendeshwa na taasisi isiyo ya serikali na limewajengea wanamuziki wa pwani jina nje ya mipaka yao. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, likarudi 2017. Mwaka huohuo wa 2016 Constantine ilikuwa ikimalizia miezi yake kumi na miwili kwa fedha za serikali. Anayeipinga dola katika sanaa lazima aseme pia nani atalipa siku wafadhili wakijitoa.

MSANII: Mfano huo unaweza kusomwa kwa namna nyingine. Sauti za Busara lilikosa mwaka mmoja, likarudi, kwa sababu waandaaji, mafundi na wasikilizaji wake walikuwapo bado. Kuna aina ya kitu ambacho fedha zikikatika hulala kisha huamka. Sherehe iliyojengwa juu ya kamati ya mwaka mmoja haina mahali pa kuamkia.

MKAGUZI: Basi suala limefika mahali pa kupimika: mwaka unaofuata. Sharjah ni mfano mzuri, na sababu yake inaonekana. Ilipopata hadhi mwaka 1998 ilikuwa tayari na maonyesho ya vitabu tangu 1982 na maonyesho makubwa ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili tangu 1993. Hadhi hiyo ikazaa Tuzo ya UNESCO na Sharjah kwa Utamaduni wa Kiarabu, ambayo ilianzishwa mwaka huohuo na ikaendelea kutolewa. Mwaka 2019 Sharjah ikawa Mji Mkuu wa Vitabu Duniani. Hapo mwaka wa sherehe ulikuwa hatua moja katika safari iliyokwisha kuanza. Lakini Sharjah ina fedha ambazo Port Sudan haina, na kipimo kisiwe utajiri. Kiwe masharti. Mpango wa Ulaya, ambao ndio uliozaa huu wa Kiarabu, umefika mahali ambapo jopo la wataalamu huru husoma maombi ya miji, hufuatilia maandalizi, na zawadi ya yuro milioni 1.5 yenye jina la Melina Mercouri hutolewa endapo mji umetimiza ulichoahidi. Ulaya ilifika hapo baada ya kuona miji mingi ikibaki mikono mitupu.

MRATIBU: Masharti yanakubalika, yasije tu yakawa ukuta mpya unaoizuia miji maskini. Mji kama Tripoli ya Lebanon, wenye uwanja wa maonyesho uliosanifiwa na Oscar Niemeyer ambao ujenzi wake ulikatizwa na vita vya 1975, usingepita mtihani wa bajeti. Hata hivyo ni mji unaostahili kuonekana, pengine kuliko mingi yenye hazina iliyojaa. Sharti la haki ni lile linalolingana na uwezo: mji uahidi kidogo, uahidi hadharani, na utimize.

MWANAHISTORIA: Sharti jingine lihusu jina. Mji ulio na historia ya lugha na dini nyingi uieleze historia hiyo yote ndani ya mpango wake, katika maandishi yaliyochapishwa kabla ya ufunguzi. Kiarabu hakipungukiwi na kitu Massinissa akitajwa, wala Shekhe Raymond akiimbwa, wala Kitamazight kikisikika jukwaani. Ben Badis Msanhaji ni ushahidi wa kutosha kwamba mtu anaweza kukibeba Kiarabu bila kuikana asili yake.

MSANII: La mwisho lihusu walimu. Mohamed Tahar Fergani alifariki Desemba 2016, miezi minane baada ya Constantine kukabidhi zamu. Kila mji wa Kiarabu unao wazee wa aina yake, na hakuna ukumbi wa viti 3,000 unaoweza kuwarudisha.

MKAGUZI: Pande zote zimekubaliana juu ya mambo machache kuliko zilivyotofautiana, lakini hayo machache yanatosha kuanzia kazi. Mji unaoomba hadhi hii uchapishe hesabu zake kabla na baada. Utenge fungu la ukarabati wa mji wa kale lisilofungwa na tarehe ya sherehe. Uwape mabingwa wa sanaa za mji mishahara ya kufundisha kwa miaka mitano, hata kama itabidi kupunguza tiketi za ndege za wageni. Na wakazi wenyewe, wenye mji, wasisubiri kualikwa: waulize maswali haya siku ya kutangazwa, kwa kuwa baada ya hotuba ya ufunguzi mikataba huwa imekwisha kutiwa saini.